Injini imefungwa upya, mbona gari linachemsha?

Leo tunaeleza jambo linalowaumiza wenye magari, hasa miezi ile ya kuelekea msimu wa korosho. Injini imefumuliwa yote, kazi ambayo mafundi huiita ovahoo. Imewekewa ringi na beringi mpya, imefungwa, imewashwa, inaunguruma vizuri. Dakika kumi baadaye mshale wa joto umefika kwenye nyekundu na mvuke unatoka chini ya boneti.

Hapo ndipo fedha hupotea. Wapo wanaonunua rejeta nyingine siku hiyohiyo. Wapo wanaong'oa themostati na kuitupa. Wapo wanaoendelea kuendesha kwa kusema injini bado ni mpya, itajilegeza yenyewe. Lakini injini iliyofumuliwa inaweza kuharibika tena katika safari moja tu: hedi ikapinda, gasketi ikaungua, pistoni ikanasa ndani ya silinda. Fedha ya korosho ya mwaka mzima inakuwa imekwenda na mvuke.

Ushauri wetu ni mmoja. Usinunue kifaa chochote kabla hujahakikisha mambo mawili: kwamba hewa yote imetoka ndani ya injini, na kwamba maji yanazunguka. Anza na vipimo visivyo na gharama, na kazi ya kufungua hedi iwe ya mwisho.

Maji yanavyozunguka

Injini inapochoma mafuta, si nguvu yote inayofika kwenye magurudumu. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja hivi hufanya kazi ya kusukuma gari, theluthi nyingine hutoka na moshi kwenye eksozi, na theluthi inayobaki ni joto ambalo lazima maji yalibebe na kulitoa nje.

Pampu ya maji husukuma maji kuzunguka silinda, kisha yakapanda kwenye hedi. Juu ya injini yanakutana na themostati, ambayo ni mlango unaojifungua kwa joto. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Yakifika kiwango kilichopangwa, kwa injini nyingi nyuzi 82 hivi, mlango unafunguka. Maji yanapita mpira wa juu, yanaingia rejeta, yanashuka huku feni ikivuta upepo katikati ya mapezi yake, kisha yanarudi kwenye pampu kwa mpira wa chini.

Kwa hiyo gari likichemsha, swali la kwanza ni hili: katika safari hiyo, maji yamekwama wapi?

Kwa nini huku juu tuwe waangalifu zaidi

Pwani kule Mtwara, maji yaliyo wazi kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 100. Juu ya uwanda wa Makonde hewa ni nyepesi kidogo, na maji huchemka mapema kwa kama nyuzi 2 hivi. Tofauti ni ndogo, ila inaonyesha umuhimu wa kifuniko cha rejeta, kifaa ambacho wengi wanakidharau.

Kifuniko si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kina springi inayobana mvuke ndani, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 kikiwa kizima, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Springi ikichoka au mpira wake ukikatika, maji yanarudi kuchemka kama ya sufuria. Funguo za plastiki, matambara na mifuko ya nailoni iliyofungwa kwenye mdomo wa rejeta haviwezi kufanya kazi hiyo.

Jambo la pili ni vumbi. Mchanga wetu mwekundu na mbegu za nyasi huingia kwenye mapezi ya rejeta mpaka upepo haupiti. Elekeza tochi upande mmoja na uangalie upande wa pili. Usipoona mwanga, ioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke kule ulikoingilia.

Jambo la tatu ni milima. Gari linaweza kutulia kabisa likizunguka kijijini, kisha likachemsha likipandisha mzigo kutoka Masasi kuja Newala. Hiyo ni dalili yenye maana yake, na tutaifikia.

Tatizo la gari la kuungaunga

Magari mengi ya vijijini si kama yalivyotoka kiwandani. Bodi inaweza kuwa ya Land Rover ya zamani, injini ya Isuzu, rejeta ya Toyota, na geji imetolewa kwenye gari la nne. Si kosa. Ni ufundi, na magari hayo yametubebea wagonjwa, mahindi na korosho kwa miaka. Lakini kwenye upoozaji yana mitego minne ambayo gari la kiwandani halina.

Mtego wa kwanza ni urefu. Ikiwa kichwa cha rejeta kiko chini kuliko hedi ya injini, hewa haitatoka kwenye mdomo wa rejeta hata ujaze mara ngapi, kwa sababu hewa hukimbilia juu. Itabaki imejificha kwenye hedi, mahali penye joto kali kuliko pote. Dawa yake ni kuweka tangi dogo la kujazia maji lililo juu kuliko injini, au kufunga koki ya kutolea hewa mahali pa juu kabisa kwenye mpira wa juu.

Mtego wa pili ni feni. Feni ikikaa mbali na rejeta, au ikikosa lile boksi linaloizunguka, inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Feni ya umeme iliyounganishwa nyaya kinyume husukuma upepo kwenda mbele na kupigana na upepo wa barabarani. Jaribu kwa karatasi: injini ikiunguruma, iweke mbele ya grili ya gari. Inatakiwa ivutwe na kunata, isipeperushwe.

Mtego wa tatu ni pampu. Mkanda ukipitishwa njia tofauti na ile ya injini hiyo, pampu inaweza kuzunguka kinyume na isisukume maji ipasavyo.

Mtego wa nne ni geji inayodanganya. Sensa ya gari moja na geji ya gari jingine hazisemi lugha moja. Mshale unaweza kuwa kwenye nyekundu wakati injini haina tatizo, au ukatulia katikati wakati hedi inaungua. Kuihakiki ni rahisi. Fungua sensa, iache imeunganishwa na waya wake, na sehemu yake ya chuma iguswe na waya mwingine unaokwenda kwenye bodi ya gari. Itumbukize ncha yake kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Hapo unajua joto ni nyuzi 98 hivi. Weka alama mahali mshale ulipofika. Sasa una geji unayoweza kuiamini.

Kabla ya kuwasha: hesabu lita

Kipimo hiki ni cha bure na wengi wanakiruka. Jua injini yako na rejeta yake vinabeba lita ngapi. Kitabu cha gari au fundi anayeijua injini hiyo atakwambia. Kisha jaza kwa chombo unachojua ujazo wake, kama chupa ya lita moja na nusu, ukihesabu. Ikiwa mfumo unabeba lita 10 na umepokea 6 tu, basi lita 4 za hewa zimo ndani. Usiwashe.

Ili hewa itoke, fanya hivi:

1. Simamisha gari pua ikielekea mlimani, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu.
2. Kama gari lina hita ya ndani, fungua koki yake.
3. Legeza mpira ulio juu kuliko yote, au fungua sensa iliyo juu ya hedi.
4. Mimina taratibu, kama unavyojaza chupa yenye mdomo mwembamba. Ukimimina kwa pupa, maji yanaziba njia ya hewa.
5. Minya mpira wa juu na wa chini kwa mkono mara nyingi. Utasikia mapovu yakitoka.
6. Maji yakianza kutoka kwenye ule mpira uliolegezwa bila mapovu, kaza.

Angalia pia mkanda wa feni. Ukiubonyeza katikati kwa dole gumba, unatakiwa uzame kama sentimita moja. Ukizama zaidi, utateleza na pampu itasinzia.

Mwulize fundi wako kwa upole maswali matatu: hedi ilipimwa kwa rula iliyonyooka kabla ya kufungwa? Matundu ya maji ya gasketi yalilinganishwa na ya bloku? Boliti zilikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu? Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Atakujibu bila kusita.

Baada ya kuwasha: soma dalili

Washa injini ikiwa baridi, mdomo wa rejeta ukiwa wazi, na uangalie maji. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki, yatapungua na maji yatashuka, ongeza. Moshi kidogo wa oili iliyopakwa wakati wa kufunga nao ni wa kawaida dakika za mwanzo. Funga mdomo mara maji yanapoanza kuwa ya vuguvugu. Baada ya hapo dalili zinasomeka hivi.

Mapovu hayakomi, na ukikanyaga mafuta yanazidi. Mpira wa juu unakuwa mgumu kama tairi ndani ya dakika moja au mbili, kabla injini haijapata joto. Hiyo ni gesi ya mwako inayopenya kwenye maji. Gasketi haijakaa, hedi imepinda au ina ufa. Zima. Hapa hakuna njia ya mkato, hedi inafunguliwa.

Geji iko juu, mpira wa juu ni wa moto, wa chini ni wa baridi. Maji hayapiti rejeta. Huenda rejeta imeziba, pampu haisukumi, au hewa imebaki. Baada ya kufumua injini, angalia hata mambo ya aibu: kipande cha tambara kilichozibia mpira na kusahaulika, au silikoni nyingi iliyobanwa ikaingia kwenye njia ya maji.

Geji iko juu, mipira yote miwili ni ya baridi. Themostati haijafunguka, hewa imeizunguka, au geji inadanganya. Rudia kutoa hewa kwanza.

Linachemsha likisimama, likitembea linapoa. Shida ni upepo: feni, mkanda au boksi la feni.

Liko sawa tambarare, linachemsha mlimani. Rejeta imeziba nusu, au mpira wa chini unajibana wenyewe pampu inapovuta kwa nguvu. Kagua mpira huo mtu mwingine akikanyaga mafuta. Usisahau taimingi: dizeli ikipulizwa kwa kuchelewa, au cheche ya petroli ikichelewa, joto la ziada huishia kwenye hedi na eksozi. Baada ya ovahoo, taimingi ni moja ya vitu vinavyokosewa kirahisi.

Maji yanapungua, hakuna linapovuja. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili. Usiwashe tena, kwa sababu beringi mpya hazitadumu.

Na ule msemo wa kwamba injini mpya lazima ichemshe? Ni kweli kwamba ringi na beringi mpya zinabana, na injini hutoa joto kidogo zaidi saa za mwanzo. Lakini injini iliyofungwa vizuri haichemshi maji ikiwa imesimama tu. Ikichemsha, kuna sababu.

Usiitupe themostati, ipike

Kung'oa themostati ni tabia iliyoenea, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja hiyo haina uzito. Bila themostati, injini hukaa baridi mno wakati mwingi, mafuta hayaungui vizuri, na ringi zile mpya zinaliwa haraka. Kuna injini ambazo themostati ndiyo inayofunga njia fupi ya maji. Ukiitoa, maji mengi yanapita njia hiyo fupi bila kufika kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi.

Badala ya kuitupa, ijaribu. Ifunge kwa uzi, iningʼinize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, na uwashe moto. Inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka. Maji yakichemka nayo bado imefungwa, imekufa, nunua nyingine. Ikiwa imekaa wazi kwenye maji baridi, nayo imekufa. Unapoifunga, kile kitundu kidogo chenye pini kielekee juu, maana hapo ndipo hewa inapopitia.

Likichemsha njiani

Toa mzigo wa mguu kwenye mafuta, simama mahali salama. Kama mvuke ni mwingi au maji yamemwagika, zima injini mara moja. Fungua boneti kwa tahadhari, kisha subiri nusu saa au zaidi.

Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Maji yaliyobanwa ndani yana joto kupita yale ya kwenye sufuria, na kifuniko kikilegea yote huruka kama mvuke usoni na kifuani. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu bila kuuachia. Kisha weka tambara nene, zungusha robo tu, acha upepo wote utoke, ndipo ufungue.

Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, na usiyajaze kwa pupa ndani yake. Chuma kilichotanuka kikipata baridi ghafla hupasuka. Injini ikishapoa, iwashe na uongeze maji kidogokidogo ikiunguruma.

Maji ya aina gani

Kwenye uwanda wetu maji ni kazi. Kwa miongo mingi tumetegemea maji yanayosukumwa kupanda kutoka Mitema, na ya mvua tunayokinga kwenye mabati. Kwa rejeta, maji ya mvua ndiyo mazuri, yakichujwa kwa kitambaa safi. Hayana chumvi wala chokaa. Maji ya chumvi hula alumini ya hedi, na yenye chokaa huacha ukoko ndani ya rejeta, kama ule wa ndani ya birika.

Changanya na kulanti kama lebo inavyoelekeza, mara nyingi nusu kwa nusu. Kulanti huzuia kutu, hupaka pampu, na huchelewesha maji kuchemka. Maji matupu yatumike kwa dharura tu.

Lakini kulanti nyingi ni sumu, na ina ladha tamu. Mtoto, mbuzi au mbwa akiinywa anaweza kufa. Ukimwaga maji ya rejeta, yakinge kwenye chombo. Usiyamwage karibu na kisima cha kuhifadhia maji ya mvua. Na hili tunalisema kwa mkazo, kwa kuwa huku kila dumu lina thamani: dumu lililowahi kubeba kulanti lisitumike tena kubebea maji ya kunywa, hata ulioshe vipi. Mtu akiwa ameinywa, mpeleke hospitali mara moja, hata kama bado anaonekana mzima.

Safari ya kwanza

Gari likitulia, endesha kwanza njia ya tambarare bila mzigo, ukibadilisha mwendo, kwa dakika ishirini au thelathini. Rudi, zima, acha lipoe kabisa. Pima maji tena, kwa kuwa hewa ya mwisho hutoka katika mzunguko huu wa kupata joto na kupoa. Kagua mipira, chini ya gari, na kijiti cha oili. Mwulize fundi kama aina ya gasketi iliyowekwa inahitaji boliti za hedi zikazwe tena.

Fanya hivyo kwa siku mbili tatu. Maji yakikaa kiwango kilekile asubuhi zote, ndipo ushuke mteremko, na ndipo upande na magunia. Ukiwa na karatasi, andika kila asubuhi maji yalipofikia. Siku gari likirudi kwa fundi, karatasi hiyo itamsaidia kuliko maneno, na itawaepusha wote wawili na ugomvi wa nani alikosea.